Kiwanda, Karakana na Kinu: Maneno ya Utengenezaji katika Maisha ya Mji

Maswali mengi ya istilahi hutufikia kwa barua au kwa simu. Machache huletwa na mwenyewe kwa miguu. Swali lililozaa makala haya lililetwa na mzee mmoja seremala, aliyeingia ofisini akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya tangazo la mamlaka moja ya mji, lililobandikwa mtaani kwao, likiagiza kwamba "viwanda vyote vilivyomo katika maeneo ya makazi" vihamishiwe katika eneo lililotengwa, na muda uliotolewa ulikuwa siku tisini. Juu ya ukuta wa banda lake, lenye meza mbili za kurandia na vijana watatu wa kazi, ilikuwa imekwisha kupakwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Nilipomwamkia, aliitikia na kuuliza papo hapo: "Marahaba. Sasa, mwanangu, mimi nina kiwanda?"

Tulipoipata asili ya tangazo hilo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, tuliona kwamba ilitofautisha mambo matatu: majengo yenye mitambo mikubwa inayotoa moshi, kelele au maji yenye kemikali; mabanda ya mafundi wa kazi za mikono; na mahali pa kutengenezea vyombo vilivyoharibika. Amri ya kuhama ilihusu fungu la kwanza peke yake. Mfasiri aliyaunganisha mafungu yote katika neno moja, viwanda, na kwa neno hilo moja mtaa mzima wa maseremala, washonaji na mafundi baiskeli ukajiona umeamriwa kuondoka. Hatumlaumu sana mfasiri. Neno kiwanda limebebeshwa mizigo mingi tangu lilipozaliwa, na watu wachache wamepata nafasi ya kukaa na kuipanga. Yafaa basi tuliangalie neno hili pamoja na jirani zake, na tuangalie vilevile maisha ya mji yaliyolifanya liwe kama lilivyo.

Kiwanda na kiwanja ni ndugu wa tumbo moja, na wote wawili ni jamaa wa uwanda, yaani nchi tambarare iliyo wazi. Kamusi za mwanzo za Kiswahili, zilizotungwa na wamisionari na maofisa wa Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, huanza kwa kulieleza neno hili kuwa kipande cha ardhi au ua, ndipo zikaongeza maana ya mahali panapofanyiwa kazi ya ufundi. Maana ya jengo kubwa lenye mashine ilifuata baadaye. Kwa hiyo mtu wa pwani wa zamani aliposikia kiwanda hakuona akilini mwake ukuta wala bomba la moshi. Aliona mahali palipofyekwa na kusawazishwa, kivuli cha mti au cha makuti, na fundi aliyeketi na zana zake. Neno lilizaliwa nje, juani.

Na miji yenyewe ndivyo ilivyokuwa. Katika miji ya kale ya pwani kazi ya kutengeneza vitu haikutengwa na makazi ya watu. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Mogadishu mwaka wa 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa katika mji huo zilipelekwa hadi Misri. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya duara vyenye tundu katikati, ambavyo watu walivitia katika vijiti vya kusokotea uzi wa pamba. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao. Chokaa ya kujengea misikiti na nyumba ilipatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuu. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa kazi za ngozi na kwa kunakili na kujalidi misahafu. Hakuna lililohitaji jina kama "eneo la viwanda", kwa sababu hapakuwa na eneo la namna hiyo. Fundi alifanya kazi mahali alipoishi au jirani na hapo, na jina la kazi lilimfuata mtu zaidi kuliko lilivyofuata jengo: mhunzi, sonara, mfinyanzi, mfumi, mwashi, seremala.

Baadhi ya msamiati wa ufundi huo umesahauliwa isivyostahili. Mwalimu anayefundisha kazi za nguo hana haja ya kuazima jina la nyuzi zinazotandwa kwa urefu na la nyuzi zinazopitishwa katikati yake kwa upana. Ya kwanza ni mtande na ya pili ni mshindio, na chombo chenyewe cha kufumia kiliitwa kitanda cha mfumi. Maneno haya yamo katika kamusi za zamani, yamekaa kimya.

Mengine hayakukaa kimya hata kidogo. Yaliinuka kutoka kiwanjani yakaingia katika mashine bila kuomba ruhusa ya mtu. Chukua kitenzi kufua. Mfua chuma hupiga chuma juu ya fuawe. Mfua nguo hupiga nguo juu ya jiwe. Na leo magazeti yanaandika habari za mitambo ya kufua umeme, wala hakuna anayecheka. Kinu, ambacho kwa wengi wetu ni chombo cha kutwangia mpunga nyumbani, kilikuwa zamani vilevile jina la chombo kikubwa cha kukamulia mafuta ya ufuta, kilichozungushwa na ngamia katika mji wa Zanzibar. Kisha tukawa na kinu cha kuchambulia pamba, na hatimaye kinu cha nyuklia. Kusindika kulikuwa kukamua kwa kushindilia, kama mtu anavyosindika mafuta au miwa. Siku hizi usindikaji ni jina rasmi la kazi yote ya kuyabadili mazao ya shamba, mifugo na uvuvi yawe bidhaa za kuwekwa rafuni. Mtambo ulikuwa ni kile kifaa cha mtego au cha bunduki kinachofyatuka kikiguswa. Umekuwa sasa jina la mashine yoyote kubwa, na wingi wake, mitambo, unatosha kujaza jengo zima. Kuunda ilikuwa kazi ya waundaji wa majahazi ufukoni kabla haijawa kazi ya kuunda magari, na baadaye, kwa wanasiasa, kazi ya kuunda kamati.

Hapa pana jambo linalofaa kuangaliwa na mfasiri aliyezoea kuona Kiingereza kuwa ndicho chenye neno sahihi na Kiswahili kuwa ndicho chenye upungufu. Neno la Kiingereza linalotumika kwa utengenezaji wa viwandani limetokana na maneno mawili ya Kilatini, mkono na kufanya. Maana yake ya asili basi ni kazi ya mikono, na leo linatumika zaidi kwa kazi ambayo mkono wa mtu haukuigusa. Lugha zote zimepita njia hiyo. Tofauti ni kwamba sisi safari hiyo tumeifanya kwa muda mfupi, katika umri wa watu waliopata kuona kinu cha ngamia na kiwanda cha nguo pia, ndiyo maana maana za kale na maana mpya zimekaa pamoja katika neno moja, zikigombana.

Ugomvi mkubwa kuliko wote umo katika kutengeneza. Kitenzi hiki kwa asili ni kukifanya kitu kikae sawa, na kwa hiyo hubeba maana mbili: kukifanya kitu ambacho hakikuwapo, na kukirekebisha kile kilichoharibika. Kibao cha mtaani kisemacho "Tunatengeneza redio" kinamwambia mpita njia alete redio yake mbovu. Ripoti ya uchumi isemayo kwamba nchi fulani inatengeneza redio inasema jambo jingine kabisa. Katika mazungumzo mambo haya hayaleti taabu, kwa sababu mwenye redio mbovu anajua alilolifuata. Katika leseni, katika kodi na katika tangazo la kuhamisha watu, taabu inakuja mara moja. Sisi tungependekeza kwamba katika maandishi ya serikali utengenezaji usisimame peke yake. Kazi ya kurudisha kitu katika hali yake iitwe ukarabati au matengenezo. Kuunga vipande vilivyotoka kwingine kuwe kuunganisha. Kazi ya kutoa mashine au chombo kipya tangu mwanzo iitwe uundaji. Na kazi ya kutoa bidhaa kwa wingi iitwe uzalishaji wa viwandani. Uzalishaji nao una nasaba yake. Mzalishaji wa kwanza alikuwa mkunga, aliyemsaidia mama kuzaa, na mwangwi wa maana hiyo ulisikika tena katika miaka ya 1970, wakati wa mkakati wa viwanda vya msingi uliotangazwa mwaka wa 1975, viwanda vinavyotoa mashine na vifaa vya viwanda vingine vilipoitwa viwanda mama. Ni mojawapo ya istilahi zetu nzuri kuliko zote.

Turudi mjini. Mabadiliko makubwa ya kwanza hayakuletwa na kiwanda kilichojengwa huku. Yaliletwa na viwanda vya ng'ambo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa bandari ya Salem, walileta Zanzibar nguo nyeupe ya pamba iliyofumwa kwa mashine katika majimbo ya kaskazini mashariki ya nchi yao. Mwaka wa 1833 Sultan Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na nchi hiyo. Nguo ile ikaitwa merikani, nayo ikaenea hadi bara, ikatumika hata badala ya fedha. Tazama jinsi lugha ilivyoandika habari hiyo: nchi iliyotuuzia nguo imekuwa jina la nguo, wakati ambapo kitanda cha mfumi kilianza kuhamia katika kamusi.

Kuna mtego mmoja wa tafsiri unaohusu wakati wa kabla ya huo, na unastahili kutajwa kwa sababu tumeuona ukiwanasa hata walimu wa historia. Wareno walipofika pwani hii walianzisha mahali pa biashara palipoitwa kwa lugha yao feitoria. Sofala ilianzishwa moja mwaka wa 1505. Kiingereza kimelitafsiri neno hilo kwa jina ambalo leo ni jina la kiwanda. Mfasiri asiyesimama kufikiri huandika kwamba Wareno walijenga kiwanda Sofala, na mwanafunzi hubaki akijiuliza kilitoa bidhaa gani. Hakikutoa bidhaa yoyote. Kilikuwa kituo cha wakala wa mfalme, chenye ghala na daftari, cha kununulia dhahabu na kuuzia nguo na shanga. Kituo cha biashara, au hata ghala la wakala, ndiyo tafsiri iliyo sawa.

Ukoloni ulileta maneno yake. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1905 na ikafika Kigoma mwaka wa 1914, na reli haiendi bila mahali pa kuzirekebisha injini na mabehewa yake. Mahali hapo ni karakana, neno lenye asili ya Kiajemi lililoungwa kwa kazi na nyumba. Ni nyumba ya kazi basi, na tangu hapo karakana imebaki na harufu ya chuma na mafuta. Watu hawasemi karakana ya sabuni. Wafanyakazi nao walipata majina mapya. Kibarua ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili apate ujira wake. Karatasi ikampa jina aliyeishika, na leo mtu mzima na akili zake anasema bila kuona ajabu kwamba yeye ni kibarua. Kipande kilikuwa kadi ya mkataba, iliyotiwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie 30. Maneno haya mawili yanaeleza maisha ya mji mpya kuliko kurasa nyingi: mtu wa zamani alijulikana kwa ufundi wake, mhunzi au sonara, mtu wa mji mpya alijulikana kwa karatasi aliyoishika.

Tukitazama magharibi, Lubumbashi ni mfano wa mji uliozaliwa na tanuri. Ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi waliotoka makabila mengi. Katika Kiswahili cha huko neno kazi liliegemea maana ya ajira ya mshahara, hata mtu anayelima kutwa nzima aweza kusema kwamba hana kazi. Na huku kwetu usemi huo si mgeni tena.

Mipango mikuu ya mji wa Dar es Salaam, ya mwaka wa 1949, 1968 na 1979, iliugawa mji kwa matumizi: hapa watu walale, hapa wanunue, hapa wafanye kazi. Viwanda vikakusanyika kandokando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, na Chang'ombe. Wakati huo ndipo "eneo la viwanda" lilipokuwa usemi wa kawaida, na ndipo kiwanda kilipopata ukuta, lango na mlinzi katika mawazo ya watu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, na viwanda kadhaa vikubwa kuwekwa katika mikono ya umma, neno hili likapata pia heshima ya kisiasa. Mwaka uliofuata kilifunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China kando ya Barabara ya Morogoro, kikisokota, kikifuma na kupiga chapa kanga na vitenge mahali pamoja. Tangu hapo kiwanda kilimaanisha king'ora, zamu ya usiku, na kundi la watu wanaotoka langoni kwa pamoja. Wenyewe walisema, na wanasema mpaka leo, shifti. Zamu ni neno zuri na lina haki yake, lakini si kosa kumwachia mfanyakazi neno lake anapozungumza. Katika maandishi tuandike zamu.

Urafiki umebaki kuwa jina la mahali. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka wa 2016, mojawapo ya vituo vyake liliitwa Urafiki, na kijana anayeshuka hapo huenda asijue kuwa urafiki huo ulikuwa baina ya nchi mbili. Kuna mfano wa ajabu zaidi Kawe, ambako kulikuwa na kiwanda cha kusindika nyama cha Tanganyika Packers, kilichoanzishwa wakati wa utawala wa Waingereza. Kiwanda kilikufa zamani. Leo watu husema wanakwenda viwanja vya Tanganyika Packers, kwa mikutano ya hadhara na ya dini. Kiwanda kimerudi kuwa kiwanja! Mtunzi wa kamusi hawezi kutamani ushahidi ulio bora kuliko huo wa undugu wa maneno haya mawili, ingawa waliopoteza kazi zao pale hawatauona kuwa wa kufurahisha.

Miaka ya 1990 ilileta ubinafsishaji, istilahi iliyoundwa kwa haraka kwa sababu jambo lenyewe lilikuja kwa haraka. Viwanda vingi vya umma viliuzwa; baadhi vilifufuka, na baadhi vikawa magodauni ya kuhifadhi bidhaa zilizotengenezwa kwingine. Wakati huohuo kazi ya kutengeneza vitu ilitoka nje ya ukuta ikarudi barazani na chini ya miti. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kulipatia jambo hilo jina. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka wa 1972, ilieneza usemi ambao tumeutafsiri sekta isiyo rasmi, tafsiri iliyo sahihi na baridi kama chai ya jana. Watu wa Nairobi, wakiwatazama mafundi wa Kamukunji wakigonga mabati bila paa juu yao, walisema jua kali. Sekta isiyo rasmi inaeleza kile ambacho watu hao hawana. Jua kali inasema mahali walipo. Tena, bila mtu kukusudia, inarudi palepale kilipoanzia kiwanda, yaani kazi katika uwanja ulio wazi.

Sheria zetu hazikuwasahau mafundi hao. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo liliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1973, na jina lake pekee lilikubali kwamba kiwanda chaweza kuwa kidogo. Sera ya mwaka wa 2003 ya kuendeleza biashara ndogo na za kati iliweka vipimo kwa idadi ya watu: wa 1 hadi 4 ni fungu la chini kabisa, 5 hadi 49 ni ndogo, 50 hadi 99 ni ya kati, na 100 na zaidi ni kubwa. Baada ya mwaka wa 2015, wito wa Tanzania ya viwanda uliposikika kila mahali, watu walibishana, wengine kwa mzaha na wengine kwa hasira, kama vyerehani vichache vilivyowekwa katika chumba kimoja vyafaa kuitwa kiwanda. Waliocheka walikuwa na picha ya Urafiki akilini mwao. Kwa kufuata historia ya neno, vicheko vyao havikuwa na msingi, maana kiwanda hakijapata kuwa na idadi ya chini ya vyerehani. Lakini na wao walikuwa na hoja: neno likihesabu banda la cherehani na kiwanda cha saruji katika safu moja, msomaji wa takwimu hajui ameambiwa nini. Kosa halimo katika neno. Limo katika kuliacha bila kivumishi chake.

Mzee wetu, kwa mfano, ana vijana watatu; pamoja naye ni wanne. Kwa sera ya mwaka wa 2003 anaingia katika fungu la chini kabisa, na anaweza kwenda kuomba mafunzo au mkopo kama mwenye kiwanda kidogo. Kwa tangazo lile, neno lilelile lililompa haki ya mkopo lilikuwa linamwondolea mahali pa kufanyia kazi.

Hapa lazima tuseme neno juu ya tasnia, kwa sababu wengine wamependekeza ichukue mahali pa kiwanda katika maandishi yote ya uchumi. Tasnia limetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa sanaa. Kwa Kiarabu mzizi huo ni wa kutengeneza na ufundi. Kiswahili kiliichukua sanaa, kwanza kwa maana ya ustadi wa mikono, kisha kikaipandisha mpaka kwenye nyimbo, michoro na maigizo. Tasnia ilikuja baadaye kujaza nafasi iliyoachwa. Tunaikubali kwa maana moja, yaani jumla ya shughuli za aina moja katika nchi: tasnia ya nguo, tasnia ya utalii, tasnia ya filamu. Haifai kwa mahali. Huwezi kusema tasnia imeungua moto usiku. Kadhalika "kiwanda cha muziki", usemi unaosikika sana redioni, ni tafsiri ya neno kwa neno. Muziki una tasnia, na wanamuziki wana studio.

Vivyo hivyo tungeshauri kuwa karakana iachwe kwa mahali pa kurekebisha au kuunda vitu vya chuma na mashine. Kinu kibaki na kazi za kusaga, kukamua na kuchambua mazao. Na kiwanda kiwe jina la jumla la mahali panapotoka bidhaa mpya, iwe kwa mkono au kwa mtambo, pakiongezwa neno la kukibainisha kila mara sheria inapokitaja. Kuhusu kuchakata, ambako siku hizi kunashindana na kusindika katika vinywa vya wataalamu, tungependa kuona kusindika kukiachiwa vyakula na kuchakata kukichukua mkonge, taka, gesi na taarifa. Lakini ushindani huu haujaisha, na wasomaji walio katika kazi hizo wanajua mengi kuliko sisi, watuandikie.

Tangazo lile liliandikwa upya. Mahali pa "viwanda vyote" paliwekwa "viwanda vyenye mitambo inayotoa moshi, kelele kubwa au maji yenye kemikali", na chini yake yakaongezwa maelezo kwamba mabanda ya ufundi wa mikono na mahali pa matengenezo havihusiki. Tulimpelekea mzee nakala. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kama randa ya umeme aliyoinunua mwaka jana ina kelele kubwa au kelele ya kawaida. Hatukuwa na jibu, kwa sababu kipimo cha kelele hakikuwamo katika tangazo la Kiingereza wala katika letu, na tumeiandikia mamlaka hiyo barua ya kuuliza. Alama ya X ilikuwa bado haijafutwa.